Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Kibao cheusi kifuani kimeandikwa MZEE FONUA,
na kidevuni hamna hata unywele mmoja wa kumtetea.
Tulicheka sisi wanawake wa kokoto, Micheweni,
hata nyundo zikatuponyoka.
"Mzee, wajukuu umewaacha na nani?"
Mwenziwe, kijana wa Kisii, Kiswahili chake cha darasani,
akatafsiri nusu, nusu akaimeza kwa haya.

Sheha alikwisha kuwapa sharti:
njooni na mikono, vitabu viacheni Chake.
Juma moja, kuvunja mawe ya wodi ya wazazi.
Wakaitika. Wakaja na mashati meupe na tai,
na adhuhuri haijaingia, tai zimefungia ndoo.

Mimi nikisikia mmisionari namwona mzungu,
pua imebabuka kwa jua.
Huyu wa rangi ya kungu, mpana kama mlango wa ghala,
ametoka kisiwa kiitwacho Tonga,
sijui kiko upande gani wa kibla.

Jumamosi alilipiga jiwe kama anayeua nyoka.
Nikamshika kiwiko: si nguvu, mwanangu. Sikiliza.
Jiwe lina mshipa, ukiupata linafunguka lenyewe.
Basi akainama, akaweka sikio.
Wallahi, aliweka sikio juu ya jiwe,
na Mize akacheka mpaka akakaa chini.

Kahawa alikataa. Chai akakataa.
Hapo niliudhika, sifichi.
Mgeni asiyeonja chako kakuachia nini?
Ni amri ya dini yao, akasema yule wa Kisii, si dharau.
Haya. Nasi tunavyo tusivyotia kinywani.
Nikamtilia maji ya kisima
akayanywa kwa mikono miwili, kata nzima.

Jumapili hawakuonekana.
Walikuwa chumbani, wawili, na mkate na maji,
huo ndio msikiti wao mzima hapa Pemba.
Jumatatu akachelewa, macho mekundu:
siku ya kuzungumza na mama.
Mara moja kwa juma, miaka miwili.
Nikamhesabia kwa kokoto: Jumatatu mia na nne.
Wangu Shaame yuko Maskati,
hana amri ya dini inayomzuia,
na simu hailii.

Jumatano nilileta shelisheli.
"Mei," akasema. Nikadhani ataja mwezi.
Kumbe ndilo jina lake kwao.
Akaligeuza motoni kwa vidole, hakuuliza, hakuungua,
akalibandua ganda vile vile
kama alivyokuwa akilibandua marehemu.
Siku hiyo sikumtania.

Ijumaa wanaume walikwenda kuswali,
yeye akabaki juani kulinda rundo
kama kwamba kuna mwizi wa kokoto.
Nilimkuta kafumba macho, midomo inacheza.
Sikumuuliza. Sharti ni sharti, hata kwangu.

Nikauliza jina. Fonua, ndiyo nini?
"Ardhi," akasema yule wa Kisii.
Kisha wakanong'onezana, akaangalia viatu vyake:
"Na pia… kile kinachomfuata mtoto."
"Kondo?"
"Kondo. Neno ni moja. Kwao huizika."

Nimezalisha vijiji vitatu, miaka thelathini,
kabla hatujaambiwa tuache, mikono yetu haina cheti.
Makondo niliyoyazika siwezi kuyahesabu,
lakini najua nyuma ya nyumba ipi, karibu na jiwe lipi.
Sikujua kama kuna watu, huko nyuma ya bahari zote,
wanaoyaita hayo na nchi kwa pumzi moja.
Nikamwambia: Mzee, umepewa jina zito.
Akacheka. Malengelenge yamempasuka,
nikamfunga kwa kipande cha kanga.

Wodi bado haina paa.
Nyundo yake ina mpini mfupi, hainifai,
na kila asubuhi ndiyo ninayoiokota.
Jumatatu naiweka simu juu ya jiwe,
kioo juu,
nigonge huku naiona.