Shinikizo

Ukiingia dukani kwa Mwantumu Semkiwa,
Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nne,
tazama chini kwanza.
Sakafu ina mfereji wa duara,
unazunguka kaunta, unapita chini ya friji ya soda,
unarudi ulikoanzia.
Wageni hujikwaa. Wenyeji tunanyanyua mguu
bila kujua kuwa tumenyanyua.

Hapa palikuwa na shinikizo.
Neno hilo siku hizi limepata kazi nyingine:
Mwantumu analo, la damu,
vidonge vyake vimo ndani ya kopo la siagi
juu ya rafu ya viberiti,
na daktari wa Bombo amemkataza mafuta.
Lakini zamani lilikuwa gogo la mvule lililochimbwa tumbo,
mchi mnene kama mtu mzima,
na ngamia jike, Mabruka,
aliyefungwa kikoi kikuukuu machoni
asijue kwamba haendi kokote.

Faraji bin Awadhi akimwaga ufuta alfajiri,
adhuhuri mafuta yanadondoka debeni,
watoto wanagombea mashudu yangali moto,
matamu, yanakwaruza koo.
Wanasema Mabruka alitembea Tanga mpaka Kigoma,
akarudi, akaenda tena,
na mlango hakuuona.
Mimi sikupima. Ninachokijua ni mfereji.

Kisha ikaja injini ya dizeli.
Ngamia akauzwa, au akachinjwa;
hapo kila nyumba ina habari yake.
Injini ikasaga mahindi,
na ule mwaka wa njaa ikasaga ya njano,
unga wa yanga,
foleni ikianza usiku, watu wakipanga mawe
badala ya miili yao.
Jiwe la mama lilikuwa na chunjua.
Asubuhi moja alilikuta limesogezwa
nyuma ya watu ishirini.
Mpaka leo hasalimiani na mke wa fundi Kiluwa.

Mkanda ukakatika, spea haikuja.
Likawa duka la ushirika:
rafu ndefu, na juu yake chumvi
na viatu vya mguu wa kushoto.

Sasa ni la Mwantumu. Vocha, ndala, sukari ya robo,
na mafuta ya kupima,
kutoka madumu ya njano yaliyovuka bahari
kuja nyumba hii, ya mafuta.

Kampuni ya simu imepaka ukuta mara tatu.
Kila Machi joto likipanda
ukuta unatoka jasho, ufuta wa Faraji
unaisukuma rangi kwa ndani, inabambuka.
Kijana wa brashi akauliza:
"Mama, kuna bomba limepasuka?"
"Hakuna bomba," akajibiwa. "Paka tu, mwanangu, ulipwe."

Jana Mwinjuma, wa nyumba ya pili,
alitumwa mafuta ya mia mbili.
Sarafu ikamponyoka,
ikaangukia mferejini, ikasimama wima, ikaondoka.
Ikapita gunia la sukari,
ikazama chini ya friji (tukaisikia tu),
ikatokea upande wa pili, imechoka, inayumba.
Mtoto akainama aidake.
Mwantumu, faneli mkononi, hata hakugeuka.
"Mwache," alisema,
"mwache amalize."