Shangazi Jukwaani

Langoni pa maonyesho kila shingo ilikuwa na kadi:
wanasarakasi wa Kichina, wapiga ngoma wa Gitega,
hata fundi wa taa.
Ng'wandu, shingoni, chatu.

"Kitambulisho?" Mlinzi, hatua tatu nyuma.
"Huyu. Anaitwa Shangazi. Kala juzi."
Tukapita bila foleni.

Ratiba ilitupa dakika saba,
kati ya roboti mmimina chai
na bahati nasibu ya trekta.
Saba! Kule Magu, tukichuana na Bagalu,
dakika saba hazitoshi kukanza ngoma.

Ya sita, Shangazi akalala.
Taa zilikuwa na joto la mawe ya ziwani
saa nane mchana.
Wageni wakasimama, makofi,
kumbe wamedhani ndio mwisho.

Ng'wandu akainama polepole,
asimwamshe.