Mizani ya Port Bell

Mizani yetu ina kosa la kilo arobaini.
Nalijua, kwa kuwa kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza,
napanda peke yangu, viatu mkononi,
na kioo kinaandika: mia moja.
Mimi ni mwanamke wa kilo sitini.
Miaka kumi na mmoja nimemtembeza huyo mwingine.

Tuliandika barua. Wizara ikajibu kwamba imepokea.
Winchi ilikufa mwaka ule ziwa lilipopanda
likaingia ofisini bila hodi,
likalowesha risiti za miaka mitatu,
likatuachia kambare kwenye droo ya chini.
Barua nyingine.
Imepokelewa.

Sasa kuna mkataba.
Kurasa mia mbili na kumi na mbili, miaka thelathini,
na kampuni ambayo ukiuliza mwenyewe ni nani
unaambiwa: ni serikali.
Serikali ipi?
Ya kwao.

Okwir, mpakiaji, alitua gunia la mtama
akalikalia.
"Ngoja nielewe, karani.
Walituambia serikali haiwezi biashara,
wakauza benki, wakaikodisha reli,
wakauza hata hoteli niliyokuwa nafagia.
Leo wamekwenda kuchumbia serikali nyingine
ije ifanye biashara.
Kumbe ugonjwa haukuwa serikali.
Ugonjwa ulikuwa yetu."

Usiku tukasikiliza redio kwenye kibanda cha mlinzi.
Mheshimiwa mmoja akasema mtaji,
mwenzake akasema uhuru,
mtaji, uhuru, mtaji, uhuru,
kama wavulana wanaorushiana embe bovu,
hadi mtangazaji akasema muda umekwisha
na likaja tangazo la sabuni.
Hakuna aliyetaja winchi.

Masalu, baharia wa Mwanza, alikuwa akingoja kupakuliwa,
siku ya sita.
"Nyinyi bahari hamna," akasema, "mnagombania nini?"
Nikamjibu: ndiyo maana.
Mwenye nyumba ya mlango mmoja
hupangisha vyumba, hapangishi mlango.
Nilijipenda kidogo kwa jibu hilo.
Naye akautazama mlango wenyewe:
reli zilizozama kwenye lami,
magugu maji yamebana gati,
korongo wawili juu ya winchi, wamejenga.
Hakusema neno. Alikuwa mgeni, ana adabu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Tunaisema hivyo hivyo, mlangoni, tukipokea mfuko wa sukari.
Methali haikutaja miaka thelathini.
Haikueleza mgeni akishakabidhiwa funguo
ni nani atakayebisha.

Jumanne wakaja. Saini bado, walikuja "kuangalia tu".
Kijana na mama mmoja mwenye miwani,
na lori dogo lililobeba vipande vya chuma,
kila kimoja na uzito wake umechongwa ubavuni.
Mama akavua saa, akapiga magoti
penye matope ninapotema maganda ya muwa,
akafungua kifuniko ambacho sikujua kwamba ni kifuniko,
akazungusha kitu.
Dakika kumi na tano.
Akafuta mikono, akanionyesha kwa kidole: panda.

Nikapanda, viatu mkononi.
Sitini.

Nilisimama pale kuliko inavyohitajika.
Sikujua nishukuru au nilie;
nilihisi nimepungukiwa, kama mtu aliyefiwa na jirani
ambaye hakumpenda.
Yule mama akatabasamu. Kwao, nadhani, hilo ni jambo dogo.
Kwetu lilikuwa barua saba.

Okwir alikuwa amesimama nyuma yangu na gunia begani.
Akahesabu kwa vidole, polepole,
malori ya siku, siku za mwaka,
miaka yangu kumi na mmoja,
ushuru kwa kila kilo.
Vidole vikamwishia.

"Karani," akasema,
"zile arobaini
zilikuwa zinakwenda kwa nani?"

Lori la kwanza likapiga honi.
Nikavaa viatu.