Pete za Ezaru

Wa kwanza kujua kwamba chupa inavuja
si mnunuzi wa Kampala.
Ni sisimizi.
Hupanga mstari kutoka mlangoni hadi rafu ya tatu,
hawana haraka, hawana barua ya malalamiko,
na hawajapata kukosea.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa.
Ezaru hakuwa na tofali. Alikuwa na mkasi
na tyubu ya baiskeli ya Onzima,
ile iliyoteremsha asali kutoka Terego hadi Arua
mpaka mwenyewe akalala, asiamke.
Aliikata pete pete,
pete moja kwa kila kifuniko,
akakaza kwa kiganja na kitambaa kibichi.

Zilishika. Si sana.
Barabara ya Karuma ilipotikisa lori
zililegea, asali ikatoka kuchungulia njia,
na mteja mmoja wa Ntinda akaandika:
"Tamu, ila ina ladha ya gurudumu."
Ezaru alicheka mchana ule.
Usiku sikumsikia akicheka.

Mwaka huu limekuja boksi:
pete nyeupe, laini kama ndewe ya sikio,
hazina harufu, hazinywi asali,
jua haliziwezi.
Tulizijaribu kwa njia yetu:
chupa arobaini kichwa chini juu ya gazeti,
taa imezimwa,
mlango wazi kwa wakaguzi.

Asubuhi gazeti lilikuwa kavu,
habari zote zinasomeka, hata za vifo.
Sisimizi mmoja alizunguka kifuniko mara mbili,
akapapasa,
akaenda zake.

Tulipaswa kupiga vigelegele.
Ezaru alisimama katikati ya chumba, akinusa.
"Nyumba imenyamaza," alisema.
Miaka tisa kuta hizi zilinukia asali
na kunuka mpira;
leo hazinukii wala hazinuki.

Oda ni oda. Tulifunga mia tatu,
krak, krak, mpaka vidole vikatoa malengelenge.
Ya mwisho aliifunga peke yake
kwa pete nyeusi,
iliyobaki kutoka gurudumu la nyuma.
Hakuikaza.
Akaiweka kwenye rafu ya tatu,
akauacha mlango wazi kidogo,
upana wa sisimizi.