Sikio la Dirishani

Mwakio, sikio lako la kulia
umeliacha barabarani kipande kipande:
Miritini kidogo, Mariakani kwenye foleni ya mizani,
lililobaki likabebwa na upepo wa Taru,
kioo umekishusha kwa joto.

Husemwa sikio la kufa halisikii dawa.
Lako lilisikia kila kitu,
miaka kumi na tisa ya injini, honi, breki zikipumua,
mpaka likashiba.

Siku hizi unavaa hedifoni ya sikio moja, la kushoto,
na ukiwa Mtito, usiku, na tani zako nyuma,
nakunong'oneza tu, unanijibu.
Ukirudi Changamwe
naomba chujio, unaniletea chanuo.
Nimehamia upande wa ukutani kitandani.
Bado.

Jana nilikuwa jikoni, wewe sebuleni.
Hatua nne.
Nikaita mara tatu.
Kisha nikafuta mikono kwenye leso, nikakupigia simu.

"Uko wapi?" ukauliza, kwa ile sauti yako ya safarini.
Kwenye mwanya wa pazia niliuona mgongo wako.
Nikasema: "Niko karibu. Endesha polepole."