Mguu wa Kwanza

Baba alikataa kuuchonga mti mwaka huu.
Alisema kisu ni butu, tawi la hazeli halijakauka,
mgongo unamuuma. Alisema mengi, Nugzari asiyesema.
Huku Guria mti wa mwaka mpya hauna majani:
ni ufito mkavu unaokwanguliwa
nyuzi nyembamba za ubao, zijikunje moja juu ya moja
hadi ukae kama kichwa cha ajuza,
nywele nyeupe, ndefu, za mawimbi.
Nikaelewa. Nikavua kofia ya sufu palepale mezani.
"Chonga, baba. Kipara ni changu, sikukuu ni ya wote."

Akachonga.
Tasia, mtoto wa kaka, akaokota maranda sakafuni,
akanipanga utosini, akarudi nyuma kuniangalia
kama fundi: "Shangazi, zimeota. Usitikisike."
Sikutikisika, karibu saa nzima.

Mzunguko wa nne ulikuwa tarehe ishirini na nane.
Daktari wa Batumi alihesabu chembe nyeupe, akasema:
nenda nyumbani, ila usikumbatiwe.
Kamwambie nani, huku kwetu?
Wifi yangu Lamzira ananawa hadi vifundo vimepasuka.
Mama mkubwa Tsiala ananibusu hewani, mara tatu, kwa sauti.
Wajomba wameketi ncha ya pili ya meza,
wananiinulia vikombe kama watu wa ng'ambo ya mto.
"Ushindi!" ndivyo tusemavyo tukinywa, tangu enzi za vita.
Usiku huu kila aliyelitamka alitazama sahani yake.

Bata mzinga wa mchuzi wa jozi ana ladha ya sarafu.
Asali, sarafu. Chumvi, sarafu.
Nikasema tamu. Mama akasema asante.
Uongo ule tukauacha kati yetu
kama mtoto aliyelala.

Saa tano na nusu akanivuta kando ya jiko.
"Mguu wa kwanza mwaka huu ni wako."
Avukaye kizingiti kwanza baada ya saa sita
ndiye anayeupa mwaka bahati yake.
Miaka kumi na miwili tumemtumia jirani Gocha,
ambaye ng'ombe wake huzaa pacha.
"Mama, mguu huu?"
"Gocha nimeshamwambia asije."

Basi niko nje, na sahani ya peremende na ngano,
kwenye baridi inayouma meno.
Nikatapika kidogo chini ya mkomamanga,
nikafukia kwa kisigino, nikajifuta.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
nimetolewa nyumbani kwangu niwe mgeni,
na mwenyeji wa kupona ndiye mimi.

Fataki zikaanza upande wa Ozurgeti. Nikabisha.
"Nani?"
"Mimi."
"Umeleta nini?"
Hujibiwa: afya, furaha, shibe.
Nilianza na shibe. Nikaja furaha.
Afya nikaitaja mwisho, upesi,
kama mtu anayelipa nusu ya deni.

Mlango ukafunguka.
"Naweka mguu, Mungu awarehemu.
Mguu ni wangu, unyayo ni wa malaika."
Ndivyo yasemwavyo. Hakuna aliyejua, hata mama,
kwamba tangu mzunguko wa pili nyayo zimekufa ganzi,
na ilinibidi nitazame chini
nijue kama nimekwisha kukanyaga.
Kiatu kilikuwa ndani. Unyayo wa nani, sijui.

"Ameingia!" Tasia akapiga kelele,
na Lamzira akasahau, akanikumbatia,
akakumbuka,
asiniachie.

Mti huchomwa tarehe kumi na nane, mkesha wa Ubatizo,
uondoke na mabaya ya mwaka.
Siku hiyo nitakuwa Batumi, chini ya dripu.
Baba amesema watasubiri.
"Ubao mkavu hauozi," alisema,
akaenda kutafuta mahali pa kuuficha usiguswe na paka.