Kisu cha Zenon

Hajnówka, Septemba. Kwenye meza ya idara ya afya
Bogna anakagua vikapu vya watu, bila malipo:
huu wa supu, huu wa kukausha,
huu mchungu tu, hauui, utakuharibia sufuria.

Zenon kaleta kilo mbili.
"Miaka arobaini nachuma msitu uleule."
Bogna ananusa mmoja: asali.
Kofia ya kijani kilichofifia, mikunjo myeupe,
pete imening'inia kama sketi iliyolowa.

"Mguu wake uko wapi?"
"Nimekata kwa kisu, alivyonifundisha baba."
"Basi jina lake umeliacha ardhini."

Maana huu huvaa soksi, kifuko cheupe udongoni,
na asiyefukua haoni.
Haukereketi. Mtamu, husema waliopona.
Utatapika usiku kucha, kisha utapata nafuu,
utaomba chai, utaahidi kulipa madeni,
na ini linayeyuka kimya kimya.

Zenon anahesabu siku kwa vidole.
Jumamosi alimpelekea dada yake bakuli, wa palepale.
Leo Jumanne.

"Lakini asubuhi kanipigia," anasema,
"jana alitapika, leo kaamka mzima.
Anakunywa chai."

Bogna keshashika simu.